Maji yanayoingia shambani yapewe njia ya kutoka: barua ya wazi kuhusu chumvi na magadi katika tambarare za Kilimanjaro

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,
Mheshimiwa Waziri wa Maji,
Tume ya Taifa ya Umwagiliaji,
Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani,
Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri za Wilaya za Moshi, Hai, Mwanga na Same.

YAH: CHUMVI KATIKA MAJI YA CHINI YA ARDHI NA MITARO YA KUTOLEA MAJI

Waheshimiwa,

Anayeshuka kutoka Moshi mjini kupitia Mabogini na Chekereni hadi Kahe na Arusha Chini wakati wa kiangazi huuona weupe juu ya udongo: kwenye kingo za majaruba, kwenye matuta ya mahindi, kwenye vibonde ambamo maji hutuama. Wenyeji huuita chumvi, wengine magadi, na wote wako sahihi, maana ni vitu viwili vinavyotembea pamoja. Pengine weupe umegeuka weusi wa kung'aa kama oili chafu iliyomwagika, na hapo hali ni mbaya zaidi. Visima vifupi vya jirani hutoa maji yanayoteleza mkononi, yenye ladha ya magadi, na maharage yakimwagiliwa kwa maji hayo ncha za majani huungua kabla hayajatoa maua.

Lawama hupewa mbolea za chumvichumvi. Jina lenyewe limewapotosha wengi. Mkulima anayeweka mifuko 2 ya kilo 50 kwa ekari anaongeza kama kilo 250 kwa hekta, na sehemu kubwa ya hiyo huliwa na mmea. Hebu tuitazame mizani ya upande wa pili. Maji ya mto yaliyo matamu kabisa mdomoni, yenye upitishaji umeme (EC, kipimo cha wingi wa chumvi) wa 0.5 dS/m (desisimensi kwa mita), yamebeba takriban gramu 320 za chumvi katika kila mita moja ya ujazo. Mpunga ukipewa mita za ujazo 10,000 kwa hekta katika msimu mmoja, kiasi ambacho majaruba mengi hukifikia au kukipita, maji hayo yameacha shambani tani 3.2 za chumvi. Ni magunia 64 ya kilo 50, kila hekta, kila msimu. Mmea hunywa maji na kuiacha chumvi. Jua nalo huchukua maji na kuiacha chumvi. Mavuno huondoka na kiasi kidogo mno. Kinachobaki lazima kisombwe na maji yanayotoka, na kama hakuna maji yanayotoka, kinabaki pale pale.

Hoja yetu ni hiyo. Sisi tunaoandika ni watu wa fani ya udongo, maji na umwagiliaji. Tunasema kwamba chanzo kikuu cha chumvi katika maji ya chini ya ardhi ya tambarare hizi ni skimu zilizojengwa nusu: banio la kuchukulia maji mtoni lipo, mfereji mkuu upo, vigawa maji vipo, na mtaro wa kutolea maji ama haukuchimbwa, ama ulichimbwa ukaachwa ukajaa matete.

Ukubwa wa jambo unatokana na ukame wa mahali penyewe. Msituni, kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Ukishuka tambarare ya Arusha Chini ni karibu 500 tu, huku jua na upepo vikiwa na uwezo wa kunyonya zaidi ya mara tatu ya hiyo. Mvua ya namna hiyo haisafishi udongo. Huishusha chumvi sentimita chache, kisha kiangazi huipandisha tena. Kabla ya umwagiliaji chumvi ya karne nyingi ilikuwa imelala katika tabaka kavu, mita kadhaa chini, haimdhuru mtu. Maji ya kwanza ya skimu yanapopenya huiamsha na kuisukuma hadi kwenye maji ya chini. Ndiyo maana katika miaka ya mwanzo ya skimu mpya visima vya jirani huweza kuharibika ghafla wakati mazao bado yanastawi, na kila mtu akashangaa.

Hatua inayofuata ni kupanda kwa usawa wa maji ya chini, na hapa hesabu inashtua kuliko watu wanavyodhani. Katika udongo wa mfinyanzi, nafasi tupu zinazoweza kujazwa na maji ni kama asilimia 5 tu ya ujazo wake. Kwa hiyo milimita 100 za maji zilizopenya kupita mizizi, zikikosa pa kwenda, hupandisha usawa huo kwa mita 2. Jaruba moja linalopoteza milimita 4 kwa siku kwenda chini limekwisha kufikisha milimita 100 kabla ya siku ya 26. Ongeza mfereji wa udongo unaovuja usiku kucha wakati hakuna anayemwagilia, na maji yanayofunguliwa mpaka yanamwagika upande wa pili kwa sababu zamu ya mtu ni mara moja kwa wiki na hana uhakika wa zamu ijayo. (Mkulima huyo si mzembe. Ratiba isiyoaminika ndiyo inayomfundisha kuzidisha maji.)

Usawa wa maji ukifika mita 1.5 hadi 2 kutoka juu, udongo tifutifu huanza kuyavuta kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa. Maji hufika juu, hukauka, chumvi hubaki. Sasa shamba halihitaji hata kumwagiliwa ili liharibike: huharibika likiwa limelala. Mashamba yaliyoachwa wakati wa kiangazi ndiyo hutoa weupe mwingi kuliko yote, kwa sababu maji yanapanda tu na hakuna yanayoshuka. Mvua kubwa ikija, au mwagiliaji akifungua maji, weupe ule huyeyuka na kurudi kwenye maji ya chini ukiwa mzito zaidi. Mzunguko huo ukijirudia miaka 10, kisima kilichokuwa na 0.8 dS/m kinaweza kufika 4 au 5 bila hata tone la maji ya chumvi kuingia kutoka kwingine.

Kilimanjaro ina tatizo la ziada ambalo ushauri wa jumla wa umwagiliaji haulifikii. Miamba ya Kilimanjaro na Meru ni ya volkano na ina sodiamu nyingi. Maji yanayopita ndani yake hutoka na sodiamu na bikaboneti kwa wingi, na kalsiamu kidogo, yaani ni magadi yaliyoyeyuka. Mto Kikuletwa hukusanya maji ya milima yote miwili. Maji ya aina hii yanapokauka udongoni, kalsiamu iliyopo hugeuka chokaa ngumu na kujitoa kwenye maji. Sodiamu hubaki peke yake na kushika chembe za mfinyanzi, chembe huachana, vinyweleo vya udongo huziba. Udongo uliofika hapo una pH zaidi ya 8.5. Ukinyesha maji juu yake yanakaa siku 3 au 4, na ukichimba sentimita 20 chini unakuta pakavu. Ule weusi wa kung'aa ni mboji iliyoyeyushwa na magadi na kupandishwa juu.

Na kuna la afya ya watu. Kalsiamu ikiisha kwenye maji, hakuna cha kuzuia floraidi isizidi kuyeyuka. Floraidi ya maji ya Meru na baadhi ya maji ya Kilimanjaro inajulikana kwa meno ya kahawia na mifupa iliyopinda. Mchakato uleule unaoua jaruba huipandisha floraidi katika kisima kifupi ambacho familia inakunywa. Kwa hiyo idara za maji ya kunywa na idara za umwagiliaji zinashughulikia tatizo moja, kila moja ikiwa na faili lake.

Tunaomba mtuvumilie katika suala la vipimo, kwa sababu fedha nyingi hupotea pale dawa inapotolewa kabla ya ugonjwa kujulikana. Chumvi katika kisima inaweza kuwa imetokana na maji ya umwagiliaji yaliyokolea, au na chumvi ya kale iliyoamshwa, au na mwamba wenyewe, au na maji mazito ya chini zaidi yaliyovutwa na pampu. Kloridi husaidia kutenganisha, kwa sababu mimea haiitumii sana na udongo hauishiki. Pima kloridi kwenye mfereji, pima kwenye kisima, gawanya. Kama mfereji una miligramu 20 kwa lita na kisima kina 160, maji ya kisima yamekolea mara 8. Kama sodiamu nayo imekolea karibu mara 8, chanzo ni kukauka kwa maji. Kama sodiamu imepanda mara 20 huku kloridi ikiwa mara 8, mwamba na udongo vimeongeza ya kwao. Nitreti ikipanda pamoja na kloridi, maji yametoka mashambani (au vyooni, kama kisima kiko kijijini, kwa hiyo angalia mahali kilipo). Na kama EC ya kisima kirefu inapanda kila saa pampu inapoendelea kufanya kazi, kisha inashuka baada ya pampu kupumzika, maji mazito yanavutwa kutoka chini.

Kipimo cha EC na pH peke yake hakitoshi kwa maji ya Kilimanjaro. Maji yenye EC ya 0.7 yanaweza kuonekana salama kabisa kwenye kipima cha mkononi na bado yakauziba udongo ndani ya miaka michache. Maabara iombwe kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, kaboneti, bikaboneti, kloridi, salfeti na floraidi. Kisha kwa vizio vya milikwivalenti kwa lita (kizio cha maabara kinachowezesha kulinganisha madini tofauti), jumlisha kaboneti na bikaboneti, toa jumla ya kalsiamu na magnesiamu. Jibu likiwa chini ya 1.25 maji ni salama kwa upande wa magadi. Kati ya 1.25 na 2.5 yanahitaji uangalizi. Zaidi ya 2.5 hayafai kumwagilia bila kutibiwa. Tungependa kuona namba hiyo katika kila kibali cha kutumia maji kwa umwagiliaji katika bonde hili.

Vibali vya visima vinatutia wasiwasi zaidi kwa miaka hii. Pampu za sola zimeshuka bei, na mkulima aliyekosa zamu ya mfereji anachimba kisima. Hatumlaumu. Lakini kisima kifupi kinachovuta maji chini ya shamba lilelile kinalomwagilia ni duara lililofungwa. Chukua maji ya 1.0 dS/m. Katika kila lita 100 zinazomwagwa, mazao na jua huchukua 75, na 25 hurudi chini zikiwa na chumvi yote ya zile 100, yaani karibu 4 dS/m. Maharage huanza kupungua mavuno EC ya udongo inapozidi 1.0 dS/m, vitunguu 1.2, mahindi na miwa 1.7, nyanya 2.5, mpunga 3.0. Baada ya hapo kila 1 dS/m inayoongezeka huondoa asilimia 19 ya mavuno ya maharage, 16 ya vitunguu na 12 ya mahindi na mpunga. Pakistan iliyapitia haya. Mifereji mikubwa ya Punjab ilipandisha maji ya chini kutoka kina kirefu hadi karibu na uso wa ardhi. Kuanzia karibu mwaka 1960 serikali ikachimba maelfu ya visima vya pampu ili kuyashusha, na sehemu nyingi maji yalishuka kweli. Lakini pale ambapo maji yaliyovutwa yalirudishwa mashambani bila mtaro wa kuyatoa bondeni, chumvi iliendelea kuzunguka.

Ujenzi wa kisima nao una lawama yake. Maji ya juu mara nyingi ndiyo machafu kwa chumvi, na ya chini bado mazuri. Kisima kirefu kikichimbwa, nafasi kati ya ukuta wa shimo na bomba ikajazwa kokoto mpaka juu kwa sababu kokoto ni rahisi kuliko saruji, basi tumejenga bomba la kushushia chumvi. Kokoto iishie juu kidogo ya chujio. Juu yake iwekwe bentonaiti (mfinyanzi unaovimba ukilowa), kisha uji mzito wa saruji hadi kupita tabaka la maji ya juu. Kisima kilichoachwa kizibwe hivyohivyo, kisifunikwe kwa bati na mawe.

Sasa mtaro. Tunaujadili kwa kirefu kwa sababu ndio unaokatwa kwanza bajeti inapopunguzwa. Bila mtaro, kila tiba nyingine ni kupoteza fedha, ikiwa ni pamoja na kusakafia mifereji. Kusakafia hupunguza maji yanayovuja, na tunaunga mkono jambo hilo, lakini hakutoi gramu moja ya chumvi shambani.

Mtaro wa kukausha jaruba wakati wa kuvuna, wenye kina cha sentimita 50, haushushi maji ya chini. Katika nchi kame mtaro wa shambani uwe na kina cha mita 1.5 hadi 1.8, na mtaro mkusanyaji uwe chini zaidi ya hapo, kama mita 2 au zaidi. Umbali kati ya mtaro na mtaro hutegemea udongo: mita 20 hadi 30 kwenye mfinyanzi mzito, 80 hadi 100 kwenye kichanga. Usikisiwe. Chimba shimo kwa oga (kekee ya kutobolea udongo) hadi chini ya usawa wa maji, toa maji kwa ndoo ndogo, pima kwa saa na rula yanavyorudi, na hesabu ya nafasi itoke hapo. Mteremko wa mita 1 hadi 2 kwa kila mita 1,000 unatosha. Kuta za mtaro kwenye udongo wa magadi zilazwe sana, mita 2 za usawa kwa mita 1 ya kina, kwa sababu udongo huo hubomoka ukilowa kama sukari. Udongo uliochimbwa usiachwe ukingoni, urudishwe nyuma walau mita 1, la sivyo mvua ya kwanza inaurudisha ndani.

Kuchimba kuanzie mwisho, pale mtaro unapomwaga, na kupanda kwenda juu. Mikataba mingi huanzia shambani kwa sababu ndipo wananchi wanapotaka kuona kazi, kisha fedha zinaisha kabla ya kufika mtoni, na kinachobaki ni bwawa refu jembamba la mbu. Pia kalavati: kitako chake kiwe sawa na kitako cha mtaro. Kalavati iliyowekwa sentimita 40 juu ili kuokoa saruji huyarudisha maji kilometa nzima nyuma. Na mahali mtaro unapomwaga pawe juu ya usawa wa kawaida wa mto au bwawa. Tambarare yetu inainamia mito ya Kikuletwa na Ruvu na bwawa la Nyumba ya Mungu, na wakati wa mafuriko maji hurudi nyuma, kwa hiyo mlango wa chuma unaojifunga maji yakisukuma kutoka nje ni wa lazima pale mteremko ulipo mdogo. Matete na mafunjo yakatwe mara 2 kwa mwaka, na kazi hiyo iandikwe kwenye sheria ndogo za chama cha umwagiliaji kwa urefu wa mita kwa kila mwanachama, kama ilivyo kwa mifereji ya kuleta maji.

Misri ilijifunza kwa gharama. Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, maji yakapatikana mwaka mzima na maji ya chini yakaanza kupanda. Nchi ililazimika kuzika mabomba ya kutolea maji chini ya mamilioni ya ekari za Delta na bonde la Nile, kazi ya miongo kadhaa. Ni nafuu zaidi kuchimba mtaro siku ileile mfereji unapochimbwa.

Mtaro ukishakuwepo, udongo unaweza kuoshwa. Kwa chumvi ya kawaida, sentimita 30 za maji zikipenya katika sentimita 30 za udongo huondoa kama asilimia 80 ya chumvi yake. Maji yamwagwe kwa awamu, sentimita 7 au 8, yaachwe yazame, kisha yarudiwe, maana kuyatuamisha mfululizo kunatumia maji mengi zaidi kwa matokeo yaleyale. Baada ya hapo kila umwagiliaji uwe na ziada ndogo ya kudumu. Kwa maji ya 0.8 dS/m mahindi yanahitaji ziada ya karibu asilimia 10, maharage karibu 19. Kwa maji ya 1.5, mahindi yanahitaji 21. Mkulima anayetumia matone naye hajasalimika. Chumvi hujikusanya pembeni mwa duara lenye unyevu, na manyunyu ya kwanza ya vuli huisukuma hadi kwenye mizizi. Siku za manyunyu hayo asifunge matone, ayaache yatiririke.

Kwa udongo wa magadi, kuosha kwa maji matamu peke yake ni kosa kubwa. Maji hayo huondoa chumvi iliyokuwa bado inashikilia chembe, sodiamu inabaki, na udongo huziba kabisa. Dawa ni jasi, yaani madini ya salfeti ya kalsiamu, ambayo kalsiamu yake huing'oa sodiamu kwenye chembe; na hapa ndipo tunapoumia zaidi, kwa sababu jasi inachimbwa Makanya, wilayani Same, ndani ya mkoa huuhuu, na reli ya Tanga hadi Moshi inapita hapo. Hupakiwa kwenda viwanda vya saruji. Hatuna ugomvi na saruji. Tunaomba sehemu yake isagwe kwa ajili ya mashamba.

Vipimo ni hivi. Kwa kutibu maji: kila milikwivalenti 1 kwa lita ya ziada ya bikaboneti (ile namba ya maabara tuliyoitaja juu) inahitaji kilo 86 za jasi safi kwa mita za ujazo 1,000. Maji yenye ziada ya 2, yakitumika mita za ujazo 10,000, yanahitaji kilo 1,720 kwa msimu. Kwa kutibu udongo: kuondoa sentimoli 1 (kizio cha maabara) ya sodiamu kwa kila kilo ya udongo katika sentimita 30 za juu kunahitaji kama tani 3.6 kwa hekta. Jasi ya machimbo haiji ikiwa safi, kwa hiyo ikiwa na usafi wa asilimia 80, gawanya kwa 0.8, na tani 3.6 zinakuwa 4.5. Isagwe ipite chekecheke la milimita 2, maana mabonge hayayeyuki kwa wakati. Isambazwe, ichanganywe sentimita 10 hadi 15 za juu, kisha yafuate maji ya kuosha mara moja. Jasi iliyoachwa juu bila maji haifanyi kitu. Na jasi bila mtaro huhamisha sodiamu sentimita chache tu chini, nayo hurudi kiangazi.

Zao la kwanza baada ya hapo liwe mpunga, kwa kuwa unavumilia magadi na maji yake ya kutuama ndiyo yanayoosha. Tunawasihi pia maafisa ugani waache kushauri chokaa kwenye mashamba haya. Chokaa ni ya udongo wenye tindikali, na kwenye pH ya 8.5 haiyeyuki. Fosfati ya mwamba nayo haiyeyuki hapo. Urea iliyomwagwa juu ya udongo wa magadi hupotea hewani kama amonia, kwa hiyo SA (salfeti ya amonia) ni bora, na salfeti ya zinki mara nyingi ndiyo inayokosekana pale mpunga unapodumaa na kupata madoa ya kutu wiki 2 hadi 4 baada ya kupandikizwa.

Maji ya mtaro yatakwenda wapi? Swali hili lina haki ya kuulizwa na wavuvi wa Nyumba ya Mungu na wafugaji wa Simanjiro, na lisijibiwe baada ya mtaro kuchimbwa. Mifugo mikubwa inamudu maji hadi 5 dS/m bila shida. Maji ya mtaro ya chini ya 3 yanaweza kuchanganywa na ya mto au kumwagilia mtama, ambao hauanzi kupungua hadi 6.8, au pamba, 7.7. Yanayozidi hapo yapelekwe mahali palipopangwa, wakati mto umejaa, si Januari mto ukiwa mwembamba. EC na floraidi zipimwe mdomoni mwa kila mtaro.

Mambo tunayoomba, basi, yanafanyika. Usanifu wa kila skimu mpya au ya kukarabatiwa uje na mchoro na bajeti ya mitaro hadi mahali pa mwisho pa kumwaga, na mkandarasi asilipwe malipo ya mwisho mpaka maji yaonekane yakitoka. Maombi ya kibali cha kisima cha umwagiliaji yaambatane na majibu kamili ya maabara na mchoro wa jinsi kisima kitakavyozibwa. TARI Mlingano, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania ambacho ndicho kituo cha taifa cha udongo, ipewe fedha za kuchora upya ramani ya chumvi na magadi kutoka Hai hadi bonde la Mkomazi. Jasi ya Makanya ipimwe usafi, isagwe na iingizwe kwenye mpango wa ruzuku kama mbolea zinavyoingizwa.

Na lile la gharama ndogo kuliko yote, visima vya kupimia maji ya chini, lianze kiangazi hiki. Bomba la PVC la inchi 2, urefu wa mita 4, nusu ya chini likatwe matundu kwa msumeno na kuvikwa kitambaa cha chujio. Shimo la oga, mchanga mkubwa kuzunguka matundu, mfinyanzi uliokandamizwa sentimita 50 za juu, kifuniko, namba iliyopakwa rangi. Kimoja kwa kila hekta 25 hadi 50, katikati ya mashamba na mbali na mfereji. Kila tarehe 1 ya mwezi katibu wa chama cha umwagiliaji ateremshe kamba yenye vipimo, aandike kina, achote maji, apime EC, na nakala iende ofisi ya bonde. Usawa wa maji ukipanda hadi kuwa chini ya mita 2 kutoka uso wa ardhi katika kisima chochote, upanuzi wa mpunga katika eneo hilo usimame mpaka mtaro wake uchimbwe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wanafani wa udongo, maji na umwagiliaji,
Bonde la Pangani